Kijani Shavuni pa Mama

...basi mguse tu, Odile, mpake hiyo kahawia hapo chini ya jicho umalize, maana mkokoteni wa kubeba picha unakuja adhuhuri na waamuzi wa maonyesho hawamsubiri mtu, lakini mkono umegoma, brashi iko hewani, na mama yake pale kitini karibu na dirisha la jiko anaongea tu, "bega limeshuka au niko sawa?", uko sawa Mama, kaa hivyo hivyo, na kile kijani shavuni kinamkodolea macho, kijani alichokipaka upya jana kwa sababu alikiona, alikiona kweli au ni macho yake mabovu, kama alivyosema Mwalimu Thévenet Jumamosi, siku yake ya kupita nyuma ya wanafunzi, anamnyang'anya mtu brashi na kumsahihishia kazi palepale, "Binti Marchadier, uso wa mtu si mboga," darasa zima likacheka, akachovya kahawia, akapaka mara mbili tatu, kazi ya mwezi mzima ikazikwa, na yeye Odile akasema nini, akasema asante, Mwalimu... asante, jamani, na ni huyo huyo Thévenet atakayekaa na waamuzi, ukipaka kahawia unapokelewa, ukiacha kijani picha inarudi na muhuri wa kukataliwa mgongoni, au inatundikwa, ambayo ni mbaya zaidi, Paris nzima ipite na miavuli yake ikimcheka mama, mama ambaye amevaa gauni lake la kanisani kwa ajili ya hili, atachekwa kwa sababu yangu, mpake, mpake basi... "wewe hunisikilizi," nasikiliza, Mama, "nasema jua likigonga zile mbao za dirisha la Cantegrel, ng'ambo ya ua, humu jikoni tunageuka vyura, marehemu baba yako kila asubuhi, kahawa haijafika mdomoni, ananitazama shavu hili, ananiambia, Philomène, dirisha la jirani limekubusu tena, mwanamume yule alikuwa na wivu hata na mbao," na anacheka peke yake, bega linashuka kweli sasa, na Odile anageukia dirisha, mbao za Cantegrel, za kijani, ziko pale tangu azaliwe, amezizoea mpaka akaacha kuziona, kumbe Baba alikiona, alikiona na akampenda nacho, Thévenet hajawahi kunywa kahawa humu asubuhi, atajulia wapi, watacheka, ndiyo, anaogopa vilevile, watacheka na mama atasikia, lakini watakuwa wanamcheka mama mwenyewe, huyu wa hapa, si mwanamke wa kahawia asiyejulikana na mtu... magurudumu yanagonga mawe huko chini, brashi bado iko hewani, kahawia inang'aa nchani.

"Hilo shavu hulimalizi?" mama anauliza.

"Nililimaliza jana, Mama."