Ratiba ya Frane ya Kwenda Vis

Frane aliendesha basi la Rijeka kwenda Split kwa miaka thelathini na mmoja, na ukitaka kumtukana, mwambie aliwahi kuchelewa. Amestaafu, lakini mazoea yana taabu. Alipoamua kumpeleka mkewe Perina safari ya siku nne kwa gari lao dogo, wafuate pwani ya Kroatia mpaka Split kisha wavuke kwenda kisiwani Vis, alipiga mistari kwenye karatasi, akaweka safu ya kufika na safu ya kuondoka.

Perina ni mzaliwa wa Vis. Mwezi wa tatu daktari alimwambia kwamba presha ya macho imeshamla uwezo wa kuona pembeni kote, na kauwazi kalikobaki katikati huenda kasifike Krismasi. Frane hakulia mbele yake. Alikwenda dukani kununua rula. Alitaka jambo moja tu, mkewe akione kisiwa chake kabla ya giza.

"Haya, nisomee," Perina alisema, akimenya viazi mezani.

"Senj. Kufika saa nne na robo, kuondoka saa nne na dakika ishirini na tano."

"Dakika kumi?"

"Za kahawa."

Perina akaweka kisu chini. Pwani ile mtu hukaa na kikombe kimoja mpaka jua lihame meza. Kahawa ya dakika kumi anapewa mgeni asiyetakiwa. "Binamu yangu Dobrila anakaa Senj. Nikinywa na kuondoka hivyo, atajua nimeleta habari ya msiba."

"Basi tusimwambie kama tumepita."

"Na chooni nitakwenda saa ngapi, dereva? Au nibonyeze kengele?"

Frane alicheka bila kupenda, akaendelea kusoma. Zadar robo saa. Šibenik dakika ishirini, kwa heshima ya kanisa lake kuu. Perina alimsikiliza mpaka mwisho, na utani ukamtoka usoni.

"Mbona unanikimbiza hivi, mzee wangu?"

Frane aliinamia karatasi yake. "Kila saa nitakayoiba njiani, utaitumia kule kwenu. Nataka uione Vis ungali unaona."

Perina akafumba macho. "Ukishuka gatini, kata kushoto. Utasikia harufu ya mkate wa dagaa kabla hujafika kwa mwokaji. Halafu ngazi kumi na saba. Ya tisa imemeguka, usiikanyage pembeni. Mlango wa mama unasukumwa kwa bega." Akafumbua. "Vis ninayo miguuni, Frane. Nisiyoijua ni barabara yako."

"Barabara yangu? Si ulipita ukija kuolewa?"

"Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikaa kiti cha nyuma, nimejifunika skafu ya mama, nikalia mpaka Rijeka. Tangu hapo kila likizo tunapita barabara kuu ya milimani, eti ya pwani umeichoka."

Frane aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Ni kweli alisema hivyo, tena kila mwaka, na Perina hakuwahi kumbishia. Bahari ile ilikuwa kwake kama ukuta wa ofisi, na mkewe alikuwa akiitamani kimya kimya miaka yote hiyo.

"Tukienda kusini, bahari itakuwa kulia," alisema polepole. "Mimi kushoto kwenye usukani, kulia ni upande wako."

"Enhe. Nisimulie."

"Ukishapita Senj kuna kona moja. Mlima unakuja mpaka kwenye kioo, unadhani njia imekwisha. Halafu maji yote yanafunguka mara moja, na visiwa vyeupe, vitupu, havina hata mti."

"Hapo umesimama mara ngapi?"

"Sijasimama hata mara moja."

"Tusimame, basi. Nikae mpaka nishibe. Ukinipeleka kisiwani na macho mabovu, nitakushika mkono nikuongoze mimi."

Frane akachukua kifutio. Alifuta Senj, akafuta Zadar, akafuta Šibenik, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Ukabaki wakati mmoja tu, wa feri ya kutoka Split kwenda Vis, na hapo mkono wake ukasita.

"Na hiyo ikituacha?" Perina aliuliza.

"Kuna ya jioni," Frane alisema. Machozi yakamshuka, akayaacha. "Kuna na ya kesho yake."