Kipande cha Shaba

Heljä aliuning'iniza mhimili wa injini kwa kamba kwenye boriti ya ghala, akausubiri utulie, kisha akaugonga kwa nyundo ndogo kama mnunuzi agongavyo chungu sokoni kabla ya kutoa fedha. Chuma kizima huimba. Huu ulikohoa mara moja, ukanyamaza.

Akaugonga tena mahali pengine. Ulikohoa vilevile. Mhimili ndio unaobeba pistoni zote, na ukiwa na ufa, hata usioonekana kwa macho, siku moja utakatika gari likiwa katika mwendo wa kasi na kuivuruga injini nzima. Akaufungua kamba, akaulaza sakafuni pamoja na vyuma vingine vilivyokwisha kumkatisha tamaa. Nje, theluji ya mwisho ilikuwa ikidondoka kutoka paani tone baada ya tone, na kila tone lilimkumbusha kwamba leo ni Jumanne na mbio ni Jumamosi.

Injini ya gari lake la mbio ilikuwa imepasuka msimu wa vuli. Mezani palikuwa na tatu za kuchagulia vipuri. Ya kwanza aliitoa kwenye gari lililobiringika mtaroni, na mhimili wake ndio huo uliokohoa. Ya pili ilikaa miaka miwili katika zizi la jirani yao, Mzee Ensio. Ya tatu ilikuwa pembeni, imefungwa kwa shuka kuukuu lenye maua ya buluu. Hiyo aliiunda baba yake, Taisto, na tangu azikwe mwezi wa Novemba hakuna aliyeifungua.

Mama yake, Aune, aliingia na birika la kahawa na maandazi yenye iliki.

"Umekwama?"

"Ya kwanza ina ufa. Ya pili imelika mpaka aibu. Nimetoa manyoya kwenye silinda, mama. Kuku wameilalia injini nzima!"

"Kuku wa Ensio hao. Bahili kama mwenyewe, hata yai hawakukuachia."

Heljä hakucheka. "Imebaki ya baba."

Aune akamimina kahawa taratibu. Wote wawili walijua kilichokuwa kinamtia hofu. Katika mashindano yao ya magari kwenye uwanja wa udongo, kila gari lina bei moja iliyopangwa na chama, ya chini kuliko ya ng'ombe mzuri wa maziwa. Mbio zikiisha, dereva yeyote mwenye leseni huweza kuandika kwenye karatasi jina lake na gari analotaka kulinunua kwa bei hiyo, akaitumbukiza katika kopo. Karatasi zikizidi moja, hupigwa kura. Mwenye gari akikataa kuuza, leseni yake hufungiwa. Ndivyo wanavyomzuia tajiri asinunue ushindi kwa kumwaga mali kwenye injini, maana nani atamwaga mali kwenye kitu ambacho jioni kinaweza kwenda na jirani? Sheria ni nzuri, na Heljä alikuwa ameitetea tangu utotoni. Ila siku hiyo aliichukia.

"Gari la mshindi ndilo linalotamaniwa," alisema. "Wa pili na wa tatu hawaulizwi na mtu. Nikiwa mwangalifu..."

"Kama baba yako," alisema Aune, akatoka na birika lake.

Heljä alilifungua shuka. Harufu ya mafuta na tumbaku ilimjia usoni kana kwamba mzee alikuwa ametoka hapo sasa hivi. Alifanya kazi mpaka Alhamisi, akiipima kila sehemu kabla ya kuiamini. Mhimili aliutundika na kuugonga, nao ukaimba mpaka akashikwa na kwikwi ya machozi. Kwenye kila pistoni palikuwa na tarakimu za penseli, uzito wake, zote sawasawa. Taisto alizipima kwa mizani ya unga ya jikoni, na mwaka ule mzima Aune alilalamika kwamba mikate yake inanuka grisi. Kutoka injini ya Ensio alichukua pampu ya maji tu, kutoka ile ya mtaroni kifuniko na nati chache. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya baba.

Alipokuwa akiisafisha kabureta ndipo alipokiona. Kwenye kijiti kinachofungua mlango wa hewa, mahali ambapo jicho halifiki bila taa, palikuwa na kipande cha shaba kisichozidi ukucha, kimefungwa kwa skrubu. Alisukuma kijiti kwa kidole. Kilikwenda, kikagota kwenye shaba. Mlango ulikuwa umefunguka robo tatu, na robo ya mwisho haikuruhusiwa.

Alikisukuma tena, kikagota palepale. Taisto Wa Pili, ndivyo uwanja mzima ulivyomwita. Miaka thelathini na minne ya mashindano, wa pili, wa tatu, wa pili tena. Watu walimwonea huruma. Heljä mwenyewe alilia kwa ajili yake, akiwa na miaka tisa, akafundishwa kwamba kushindwa kiungwana nako ni ustadi. Na yeye aliupata ustadi huo. Naye hajawahi kushinda.

Akaingia jikoni na kabureta mkononi, mafuta yakidondoka sakafuni.

"Mama, ulijua?"

Aune aliitazama shaba, kisha akautazama ule uchafu sakafuni. "Nimefua ovaroli zake maisha yangu yote. Mfukoni mlikuwa na vipande vya shaba. Nisingejua?"

"Kwa nini?"

"Mwaka uliozaliwa alishinda. Mara moja hiyo tu. Gari likanunuliwa jioni ileile, akakaa kwenye mvuke wa sauna mpaka mawe ya moto yakapoa. Akaniambia, Aune, sitampa mtu tena kitu cha mikono yangu." Akachukua kitambaa, akainama kufuta sakafu. "Basi mimi nikawa nakaa pale kwenye benchi, mwaka baada ya mwaka, nampigia makofi mtu aliyejifunga kamba mwenyewe. Mikono inachoka, mwanangu."

Heljä aliirudisha kabureta mahali pake. Shaba hakuigusa.

Jumamosi jua liliwaka, udongo wa uwanja ulikuwa mzito na mweusi, na moshi wa soseji ulitanda juu ya magari arobaini. Heljä hakuweza kumeza hata tonge. Katika kila zamu ya mchujo aliisikiliza injini kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa, akisubiri kikohozi. Hakikuja. Alimaliza wa pili, kisha wa pili tena, na hiyo ikamtosha kuingia fainali. Wa pili ni mahali salama. Akimaliza hivyohivyo, injini itarudi kwenye shuka lake la maua, na mikono ya baba yake itakuwa pale ghalani daima.

Mzee Ensio alipita na soseji yake mkononi, haradali ikiwa ndevuni. Alikuwa na miaka sabini, alikimbizana na Taisto tangu ujana wao, na siku ya mazishi ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote.

"Binti Taisto! Unatunza mila ya ukoo, eeh? Wa pili, wa pili. Nikuchongee kikombe cha mti kabisa?"

"Chonga, mzee. Na chako uchonge cha wa mwisho."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akainamia boneti, akasikiliza injini iliyokuwa ikipoa, na kicheko kikamtoka usoni. "Miaka yote nilikuwa nyuma yake," alisema polepole. "Nikitoka konani nasema leo atanitoka, leo ataniacha. Haniachi. Nikawa najidanganya kwamba mimi ni dereva hodari." Akaenda zake.

Heljä alimtazama mama yake. Aune alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile, koti limefungwa mpaka shingoni, mikono imelala mapajani. Hakuwa akimtazama bintiye. Alikuwa akiitazama mikono hiyo.

Heljä aliogopa. Akafungua boneti, akaiingiza bisibisi kwenye kabureta, nayo ikamteleza mara mbili. Mara ya tatu skrubu ililegea. Kipande cha shaba kikaangukia kiganjani mwake, kingali na joto.

Mzunguko wa kwanza wa fainali alikuwa wa nne. Mzunguko wa tatu alikuwa amefika nafasi ya pili, na mguu wake ukasita wenyewe, kwa mazoea. Akakanyaga mafuta mpaka chini. Kilichotokea hakukijua, gari lilikuwa kama limeitwa kwa jina lake. Alipovuka mstari alitazama kwenye kioo, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa karibu.

Katika kopo walikuta karatasi kumi na moja, zote za gari lake. Katibu wa chama alizikoroga, akachomoa moja, akaisoma, akaisoma tena. "Ensio."

Mzee alikuja amevua kofia. Hakuna aliyemtania.

"Unaweza kukataa," katibu alimwambia Heljä kwa upole. "Unajua gharama yake."

Heljä alikuwa ameushika ufunguo kwa nguvu mpaka meno ya ufunguo yakamwachia alama kiganjani. Alifungua mkono. "Asubuhi ukiiwasha, usiikanyage mpaka ipate moto," alisema, na sauti ikamkatika. "Na mafuta usiipe ya bei rahisi, mzee."

"Sitaipa," alisema Ensio. "Haki ya Mungu sitaipa."

Desturi ya pale ni kwamba mnunuzi hulizungusha gari uwanjani mara moja kabla ya kulipandisha trela. Heljä akaenda kusimama kando ya mama yake. Miaka yote aliisikia injini ile ikiwa imezuiwa, na leo aliisikia ikiwa wazi, lakini akiwa ndani, masikio yamejaa hofu. Sasa ilitoka kona ya mbali, ikapanda, ikapita pale ambapo zamani sauti yake ilikuwa ikigota, ikaendelea kupanda. Alijikuta akisubiri kikohozi.

"Ina kasoro?" aliuliza Aune.

"Haina, mama."

Gari likapita mbele yao, udongo ukawarukia mpaka usoni. Aune hakujifuta. Alisimama, akafungua vifungo vya koti, akaanza kupiga makofi.