Chunusi ya Bega la Kushoto

Kila asubuhi saa moja, kabla ya chai na mkate, Ewan Prowse alivua shati jikoni akampa mama yake mgongo. Leanne alichota krimu kiasi cha punje ya njegere, akaanzia mabegani kushuka chini. Taulo lililotandikwa kitini lilikuwa kuukuu, lina mabaka meupe, maana krimu ile hula rangi ya kitambaa chochote. Foronya za Ewan zote zilikuwa nyeupe kwa sababu hiyo hiyo. Uso aliupaka mwenyewe. Mgongo hakuufikia, na mwenye mkono wa kuufikia alikuwa mama.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Mwezi wa pili alianza sindano za homoni ya kiume katika kliniki moja ya mji wao, Mildura, na kufikia Pasaka sauti ilikuwa imeanza kukwaruza na chunusi zimejaa. Chunusi hizo zilisema. Moja ikiiva, hutoa maneno aliyosemwa Ewan mahali asipokuwepo, kwa sauti ya aliyeyasema, kisha hukauka. Ya kidevuni ilisema kwa sauti ya mwalimu wa michezo, "Mimi nitamwita Ewan akiwepo tu." Ya kwenye paji la uso ilikuwa na sauti ya Bibi Dot, mama yake Leanne: "Ni upepo, utapita." Ewan hakushangaa. Aliyatarajia hayo yote.

Nesi Sela, Mtonga wa visiwani mwenye viganja vipana, alizitazama karibu na dirisha la kliniki.

"Mafuta yamezidi, ni dawa hiyo. Wavulana wote hupitia huku. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, basi. Hiyo nguo ya kubana kifua usikae nayo ikilowa jasho. Na usizibinye, mdogo wangu."

"Na zikisema?"

"Ziache ziseme. Ukizibinya utabaki na makovu."

Sindano zilihitaji sahihi za wazazi wote wawili. Leanne alisaini kwanza, machozi yakimtoka, na tangu siku hiyo akaanza kumwita Ewan "baba", kama mama yeyote anavyomwita mwanawe wa kiume. Neno hilo Ewan alilipenda kuliko sindano zenyewe. Grant, baba yake, alikuwa ameachana na Leanne zamani. Aliendesha malori ya mgodini kule magharibi ya nchi, wiki tatu kazini, wiki moja nyumbani. Alisaini juu ya boneti ya gari lake bila kusoma, akasema, "Haya, kijana. Jiandae kunyoa."

Mwezi wa tano Grant aliiandikia kliniki kwamba ameondoa ridhaa yake. Sela aliwaita mama na mwana, akawaambia sindano zimesimama mpaka baba akubali tena au hakimu aamue. Leanne aliipiga meza ya Sela kwa ngumi.

"Hana hata haya! Mwanawe wa kumzaa, anamfanyia hivi?"

Ndani ya gari alimkumbatia Ewan mpaka mkanda ukawabana wote wawili. Aliahidi kutafuta wakili. Ewan akaifungia namba ya baba yake kwenye simu, asimpate tena.

Siku tisa baadaye, Jumapili, Bibi Dot alikuwa amekuja kunywa chai ya asubuhi. Leanne alikuwa anapaka chini ya bega la kushoto wakati chunusi moja kubwa ilipoiva palepale kidoleni pake. Ilisema kwa sauti ya Leanne, ile ya chini anayoitumia akiongea na simu kwenye gereji ya nyumbani:

"Kataa wewe, Grant. Mimi nikikataa atanichukia, na ndiye ninayeishi naye. Wewe uko mbali. Huyu ni binti yetu, anaharibika hivi hivi tunaangalia."

Bibi Dot alikoroga chai. Leanne alimalizia krimu iliyobaki kidoleni.

"Hii ilikuwa imeiva," alisema.

Ewan hakugeuka. "Kumbe wewe ndiye uliyemwambia akatae."

"Niliogopa, baba."

"Si ungeniambia mimi? Ungenifokea, ungevunja sahani, ningejua nagombana na nani. Ulipiga meza ya Sela, mama. Mimi nikakuonea huruma."

"Na mimi nilikuhurumia. Yale machozi hayakuwa ya uongo."

Hilo lilimuuma kuliko barua. Grant alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Akikuangusha, unajikung'uta unaendelea. Lakini mkono uliompaka dawa kila asubuhi ndio uliomnyang'anya dawa, na bado aliusikia joto lake mgongoni. Ewan alijiona mjinga, na akaona kwamba ujinga wake ulikuwa ni kumpenda mama yake.

Aliifungulia namba ya baba yake, akapiga. Grant alikuwa ndani ya lori.

"Aa. Kwa hiyo limetoka," Grant alisema. "Mama yako aliniomba nilibebe mimi. Nikaona sawa tu, nimeshazoea kuchukiwa."

"Basi ifute hiyo barua."

"Siwezi, kijana. Mama yako analia kila siku kwenye simu."

"Na mimi je?"

"Wewe ulinifungia."

Barua ikabaki. Wakili hakutafutwa. Ewan aliacha kumpa mama yake mgongo, na chunusi ya bega la kushoto, tofauti na nyingine, haikukauka. Kila asubuhi birika likichemka ilirudia maneno yake yale yale. Wiki ya kwanza Leanne aliwasha redio. Baadaye akazoea, akawa ananyamaza mpaka imalize, kama watu wanavyosubiri treni ipite ili wavuke reli.

Nyingine zote zilikwisha. Damu ilipoishiwa na dawa, mafuta yalipungua, na kufikia mwezi wa nane uso ulikuwa safi, hauna alama. Picha za shule zilipotoka, Bibi Dot alikuja na skonzi za malenge akaishika ya Ewan kwa ncha za vidole.

"Tazama ngozi hiyo! Kama ya mtoto mchanga. Mlifanyaje?"

"Ni ile krimu," Leanne alisema, na fahari yake ilikuwa ya kweli. "Nilimpaka mwenyewe, kwa mkono wangu."

Chini ya shati chunusi ikasema yake, mpaka mwisho. Wote watatu walisubiri. Kisha Bibi Dot akauliza jamu iko wapi, na Ewan, kwa sauti iliyokuwa imekomea katikati ya kuvunjika, akamwambia iko mbele yake.