Kikohozi cha Jua

Miaka kumi na mmoja Mangi, mwalimu mstaafu wa Dabaso, alilichora jua. Kila asubuhi darubini yake ndogo ililimwaga juu ya karatasi ndani ya kibanda cha makuti: duara jeupe la ukubwa wa sahani, na madoa yake meusi. Kwenye madoa hayo ndiko inakoanzia milipuko ya jua. Ikishalipuka, dunia nzima hupata habari. Mangi aliutaka mwanzo wenyewe, ule unaomulika doa kwa dakika tatu nne, uingie kwenye karatasi yake na saa iandikwe kando.

"Kitendawili!" mkewe Kavumbi humchokoza.

"Tega."

"Bibi yuko mbali, akikohoa redio zetu zakwama."

"Jua. Nami, Mama Ziro, nataka nimwone anapovuta pumzi ya kukohoa."

Lakini wapi! Presha ya macho ilimla jicho la kwanza, na mwaka huu la pili. Sasa Kavumbi ndiye anayechora, naye Mangi hulala chumbani, uso ukutani, akingoja kuambiwa.

Siku hiyo doa moja lilikuwa kubwa ajabu. Kavumbi akaona juu yake nukta mbili za nuru, moja huku, moja huku. Akasonya. Makuti haya! Yakizeeka huvuja jua kama yavujavyo mvua. Akapanda meza, akasokota kuti, akaziba matundu mawili. Aliposhuka, nukta hazipo. Akaridhika, akachora doa lake vizuri.

"Makuti yamenisumbua leo, Baba Ziro," alisema akimpa chai. "Matundu mawili, juu ya doa kabisa."

Mangi akaweka kikombe chini. "Nipeleke. Ukayazibue."

Akayazibua. Nuru ikaanguka.

"Imeangukia wapi?"

Kavumbi akatazama. "Mlangoni."

"Si kwenye karatasi?"

"Mlangoni, mume wangu. Mbali."

"Kumbe nuru ya kwenye doa ilikuwa mlipuko wenyewe," Mangi alisema. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Sikutazama."

"Basi umeuona wewe. Ulikuwaje?"

"Mweupe. Kama tundu tu."

"Ulianza upande upi?"

"Wa kushoto... nadhani."

"Niambie tena."

Akamwambia tena, machozi yakimchuruzika. Naye akaomba tena, taratibu, kama mtu anayeomba maji. Mara ya tatu Kavumbi akajisikia anataja rangi ambayo hakuiona.