Mrefu Aenda Kuposa

Ta! Kifuniko cha kopo la dawa kilifunguka kabla hakujakucha, nikajua mjukuu wangu ameamka. Figo zake zilikufa akiwa darasa la pili. Alisafishwa damu kwa mashine miaka mingi, hadi mama yake alipompa figo yake moja. Kimo kiligoma, lakini yeye hakugoma. Sasa ni kinyozi. Husimama juu ya kreti ya soda kunyoa vichwa vya watu, nao humwita Mrefu.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kumposa mchumba wake, mwokaji mikate, binti anayempita kwa kichwa kizima. Alilelewa na shangazi yake, na shangazi asipokubali, hakuna ndoa.

"Bibi, leo niachie niseme mwenyewe," Mrefu aliniomba njiani.

"Kwani mimi nina mdomo?"

Alicheka mpaka akashindwa kutembea.

Shangazi alitupokea sebuleni, uso mkavu. Yule binti, bila kuambiwa, alivuta kigoda akakaa chini kabisa, ili Mrefu kwenye kiti asionekane mdogo. Niliona. Nikajifanya natazama pazia.

"Haya, kijana," shangazi akasema. "Umeamkaje?"

Jamani, mazoea! Kule kliniki daktari alikuwa akimuuliza mtoto, najibu mimi.

"Amekojoa vizuri sana," nikasema. "Mkojo safi kama maji."

Binti akafunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika.

"Bibi!"

"Si nimeulizwa?"

Shangazi akaweka kikombe chini polepole. "Na choo kikubwa je, mama?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Mrefu akanibana goti.

"Shangazi," akasema, "shule niliikosa sana kwa kulazwa. Kazi ninayo, na chumba nimeshapanga. Dawa nameza kila siku. Hii figo ya mama siku moja inaweza kuchoka, nami nitarudi kwenye mashine. Kuhusu watoto, daktari hakatai wala haahidi. Sifichi kitu."

"Utafichaje, na bibi kama huyu?" Shangazi akamgeukia binti. "Na wewe, haya yote unayajua?"

"Aliniambia kabla hata hajaniambia ananipenda. Nimeshamsindikiza kliniki."

"Ukamtunza?"

"Nilisinzia kwenye benchi, shangazi. Yeye ndiye aliyenifunika koti lake. Likaishia kiunoni."

Hapo shangazi akaangua kicheko, akajifuta macho. "Marehemu mume wangu alinificha meno ya bandia mpaka baada ya harusi. Niliamka nikayakuta yananichekea kwenye glasi. Huyu kanitajia ubovu wake wote kabla chai haijapoa!" Akamsogezea Mrefu jagi la maji. "Kunywa, mwanangu. Figo ya mama yako isikauke. Mimi nimekubali."

Mrefu alishindwa kusema. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na ruhusa ya kumsemea, na mimi pia sauti ikanikimbia. Binti akatusemea sote: "Asante, shangazi."

Shangazi alitusindikiza hadi getini, akanishika mkono, hauachii.

"Jumapili mje tena. Kijana nitaongea naye mwenyewe, wewe nitakukalisha jikoni. Lakini uje, mama, nakuomba. Nyumba hii haijacheka siku nyingi."