Mikanda ya Blanketi la Kijani

Jumatano mchana, baada ya kuepua maharage, Restuta alitia komeo mlangoni, akachukua futi yake ya ushonaji na kumpima mumewe, Laurian, kifundo cha mkono. Mkono ulikuwa umepungua nusu inchi, kwa hiyo alitoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Mikanda ilikuwa minne. Aliishona mwaka wa tatu wa ndoa yao kwa kamba za mikoba ya shule iliyochakaa, akaifunga kwenye chaga chini ya godoro na kuzichomeka ncha zake pembeni. Ukishatandika shuka, kitanda kilikuwa kama cha jirani yeyote pale Rulenge. Ndani aliiwekea vipande vya blanketi ili isichubue. Laurian ndiye aliyeomba, kwa aibu, akiwa ameelekeza uso ukutani. Alisema kutwa watu humvuta huku na huku, nduguze na wateja wake wa ndizi. Akifungwa na mkewe, moyo hutulia. Walikubaliana neno moja: akisema "basi", anafunguliwa papo hapo. Wakafurahi miaka minane, na siri ya wawili wanaopendana haijapata kumnyima mtu usingizi.

Mwezi wa sita baraza la ukoo lilikaa, likampa kaka yake Ansbert shamba la migomba la Laurian, kwa kuwa Laurian hakuwa na mtoto wa kumwachia. Laurian aliitikia kwa adabu, akamaliza rubisi, pombe ya ndizi aliyomiminiwa, akaenda nyumbani. Wiki ile ile akaanza kuwa mwepesi. Kwanza baiskeli yake iliacha kuchora alama kwenye vumbi. Kisha asubuhi moja Restuta alimkuta amelala hewani karibu na kenchi, anakoroma. Alimshusha kwa kumvuta mguu, akampa uji, na tangu siku hiyo mikanda ikapata kazi ya pili.

Alhamisi jumuiya yao ya kanisani ilikuja kusali. Kwa desturi mgonjwa huonwa chumbani, na kila mtu huingia. Walimkuta Laurian ameelea shubiri mbili juu ya godoro, shuka likining'inia pande zote. Alimwamkia mwenyekiti wao, mama Auleria, naye akaitika marahaba akiinua kidevu kidogo. Walisali fungu moja la rozari. Mzee mmoja akasema binamu yake wa Kasulo alipatwa vivyo hivyo aliponyang'anywa shamba; mtu asiye na pa kukanyaga, utamlaumu? Wakatikisa vichwa. Ansbert, ambaye naye alikuwepo, alikohoa na kutazama saa.

Mama Auleria alinyoosha mkono kumfunika mgonjwa vizuri, na mkanda ukaonekana. Ingekuwa kamba ya katani, yangeishia hapo. Lakini alipapasa upande wa ndani, akalitambua blanketi la kijani lenye twiga. Alilinunua mwenyewe kwa mchango wa jumuiya, zawadi ya harusi. Lilikuwa limelainika kwa matumizi ya miaka.

"Restuta, mwanangu," alisema taratibu, "hii si ya mwezi wa sita. Mlikuwa mnafungana kwa nini, na mtu alikuwa mzima?"

Restuta angeweza kudanganya. Fundi cherehani hakosi uongo. Kila siku huwaambia watu gauni limebaki vifungo tu. Lakini alikuwa amechoka.

"Kwa raha yetu, mama."

Hapo ndipo watu waliposhtuka. Wengine walitoka chumbani. Ansbert alisema ni aibu kwa ukoo, mikanda ifunguliwe. Restuta alisema akifunguliwa atakwenda. Akajibiwa kwamba kwenda ni kazi ya Mungu.

"Neno la kumfungua analo mwenyewe," Restuta alisema. "Hajalisema."

Laurian alikaza midomo, akamtazama mkewe tu. Ansbert akafungua yote minne, kwa shida, maana ilishonwa vizuri.

Laurian alipanda mpaka kwenye bati. Kwa kuwa bati lilikuwa la moto, walimhurumia, wakamvuta hadi uani. Restuta alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mwanamke hakuwa mzito, na yeye mwenyewe alianza kwenda juu. Visigino viliacha ardhi, kisha nyayo. Alikuwa tayari. Laurian aliona kandambili moja ya mkewe ikianguka.

"Basi," alisema.

Restuta alimwachia papo hapo, kama walivyokubaliana. Akatua, akavaa kandambili yake, akalia mbele ya watu wote bila kujifunika uso.

Jumuiya ilimsimamisha kuimba kwaya miezi mitatu na kuichukua mikanda. Blanketi lililobaki walimwachia, na usiku hulifunga kifundoni, mkono wa kushoto.

Siku hizi kivuli cha Laurian hupita juu ya migomba saa tisa alasiri. Ansbert, kama anakata mikungu, humpungia mkono na kumuuliza habari za mchana. Shamba hajalirudisha.