Kwanza Msingi

Wanafunzi walimwita mwalimu wao Kwanza Msingi. Mwenyewe alijua, na wala hakuchukia. Miaka yote aliyofundisha darasa la tatu hakutaka kusikia habari za nyimbo, michoro wala maigizo. Kusoma, kuandika, hesabu. Mengine ni mapambo, na nyumba isiyo na ukuta haipambwi. Mwisho wa mwaka kila mtoto alisimama mbele ya wenzake akataja majedwali ya kuzidisha kwa ghibu. Aliyekwama aliambiwa kaa chini, na darasa akalirudia.

Mwaka huu aliyekwama ni binti wa kaka yake, tena kwa mara ya tatu.

Kinachouma ni kwamba yule mtoto aliyajua. Akija kumsaidia shangazi yake kuosha vyombo, majedwali yalimtoka mfululizo, hata ya kumi na mbili, na shangazi aliyasikia kwa masikio yake. Ila mbele ya darasa, wadogo wakimcheka urefu wake, ulimi uligoma.

"Mpandishe tu," mwalimu mkuu alimwambia ofisini. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Jedwali ni lile lile kwa vichwa vyote, hata vyenye upara."

Mwalimu mkuu akajipapasa kichwa, akacheka.

"Nikimpandisha wa kwetu," shangazi mtu akaendelea, "watoto wa wenzangu nitawaambia nini?"

Akatoka mle ofisini kifua mbele, anajiona mwenye haki. Masikini, hakujua anachokivunja.

Shule zilipofunguliwa, binti hakuonekana. Shangazi alingoja wiki nzima, roho juu, kisha akaenda nyumbani kwao. Alimkuta kaka yake, fundi wa nguo, akikata kitambaa mezani, na binti amekaa kwenye cherehani akishona pindo la sketi ya shule ya mtoto wa watu.

"Umechelewa, dada," kaka alisema bila kuinua macho. "Nimembembeleza mpaka nimechoka. Anasema hana kichwa cha shule."

Shangazi akapiga magoti kando ya cherehani. Hakuona aibu, aibu ilikuwa imeshamwisha.

"Njoo kesho, mwanangu. Nakupeleka darasa la nne. Hakuna kusimama mbele ya mtu. Wewe unajua, mimi nimekusikia."

Binti aliacha kukanyaga cherehani. "Mtu hapandi kama hajui. Si umesema wewe?"

"Saba mara nane ni ngapi?" shangazi akamuuliza. "Niambie mimi tu. Polepole, hakuna haraka."

Baba mtu akaweka mkasi chini. Hapakuwa na darasa pale, wala wa kumcheka. Binti aliinuka taratibu, akasimama wima, mikono nyuma. Midomo ilicheza kidogo, na shangazi akawa anamwomba Mungu kimoyomoyo.

"Sijui, mwalimu," akasema, kisha akabaki amesimama, anasubiri kuambiwa akae.